Dawa ya mafua imemfungia baba mkojo: pua na kibofu wapi na wapi?

Msomaji wa Malindi ameandika hivi: "Baba yangu ana miaka 68. Anameza tamsulosini kwa ajili ya tezi dume na kidonge cha presha asubuhi. Wiki iliyopita alishikwa na mafua, nikamnunulia vidonge vya mafua dukani. Alimeza kimoja mchana na kimoja usiku. Kufika alfajiri mkojo ukakataa kabisa, tumbo la chini limejaa kama ngoma, tukamkimbiza hospitali akawekewa mpira. Daktari aliponiuliza amekunywa nini nikamwonyesha pakiti, akatikisa kichwa. Mimi sijaelewa mpaka leo. Dawa ya pua inakwendaje kufunga mkojo? Na hiyo ya tezi dume, mbona akiinuka kwa sala ya alfajiri anaona giza, na mara moja ameanguka? Jioni hutafuna muguka kidogo na wazee wenzake barazani, sijui kama nao unahusika. Najilaumu sana."

Dada yangu, nianze na hapo ulipomalizia. Umemnunulia mzazi wako dawa ya mafua kama anavyofanya kila mtoto mwema. Waliopaswa kuuliza ni sisi tuliosimama nyuma ya kaunta: dawa ni ya nani, ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine. Nasema "sisi" kwa sababu nami nimewahi kukosea. Mwaka wangu wa pili katika kazi ya ufamasia, duka limejaa watu, nilimuuzia kijana mmoja vidonge vya mafua bila kumuuliza neno. Kesho yake akarudi na pakiti mkononi kuniuliza kama dawa zile zilikuwa mbovu, maana babu yake amelazwa na mpira wa mkojo. Dawa hazikuwa mbovu. Zilifanya kazi yake barabara, ila zilifanya na mahali ambapo hakuna aliyezituma. Tangu siku ile kila anayetaka dawa ya mafua namuuliza kwanza, "Ya nani?" hata foleni ikifika barabarani.

Kwa kifupi: vidonge vya mafua vilichangia pakubwa kumfungia baba mkojo, muguka huenda nao uliongeza lake, na lile giza la alfajiri linatokana na mambo hayohayo yakienda upande wa pili. Nitakueleza taratibu, kwa sababu ukishaelewa jambo hili moja utaweza kumlinda mzee dhidi ya dawa nyingi ambazo hata hujawahi kuzisikia.

Mwili una kazi ambazo mtu haziamui mwenyewe. Humwambii moyo upige, wala tumbo lisage ugali, wala mboni ya jicho ijifinye ukitoka juani. Kazi hizo zinaendeshwa na neva za peke yake, ambazo Mwingereza John Newport Langley, mwaka 1898, alizipa jina lenye maana ya neva zinazojitawala. Nazo zina pande mbili. Upande mmoja, simpathetiki, ni wa hekaheka. Umefungua mlango wa uani ukakuta nyoka amejikunja kizingitini: moyo unaenda mbio, mboni zinatanuka, njia za hewa zinafunguka, mishipa ya damu inabana, na kibofu kinaambiwa kizuie mkojo maana huu si wakati wake. Upande wa pili, parasimpathetiki, ni wa utulivu. Umekula, umekaa kivulini: mate yanatoka, utumbo unasaga, moyo unapunguza mwendo, na haja ikija kibofu kinajiminya.

Neva hizi hazigusi kiungo na kukivuta kama kamba. Zinamwaga kemikali, na kiungo kinaisikia. Jambo hili lilithibitishwa kwa namna ambayo kila nikiifikiria nafurahi. Otto Loewi, huko Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inapiga, akaitia katika maji ya chumvi. Akaisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka ukapiga polepole. Halafu akateka yale maji yaliyouzunguka, akayamimina kwenye moyo wa pili ambao hakuugusa. Nao ukapunguza mwendo. Basi ndani ya yale maji mlikuwa na ujumbe. Aliyatangaza hayo mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa tuzo ya Nobeli pamoja na Henry Dale. Ujumbe ule ndio leo tunauita asetilikolini. Upande wa hekaheka, ujumbe wake mkuu kwenye viungo ni noradrenalini, ukisaidiwa na adrenalini inayosafiri na damu.

Ujumbe lazima upate pa kupokelewa. Juu ya kila chembe ya msuli kuna vipokezi, na mimi napenda kuviita milango. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alionyesha kuwa milango ya adrenalini haifanani, akaigawa makundi mawili, alfa na beta. Milango ya alfa, ikipata ujumbe, mara nyingi hukaza: mishipa ya damu hubana. Beta ya moyoni huongeza mapigo, na beta ya kwenye njia za hewa hulegeza misuli ili hewa ipite. Asetilikolini nayo ina milango yake, tunaiita ya muskarini, iliyo kwenye kibofu, utumbo, tezi za mate, jicho na moyo.

Shika neno hili, dada yangu, maana ndilo jibu lote la swali lako: dawa haijui pua wala haijui kibofu. Inajua mlango. Ukiimeza inazunguka na damu mwili mzima, na kila inapokuta mlango wake inaugonga.

Sasa tuingie kwenye kibofu cha mzee. Kibofu ni mfuko wa msuli. Ukutani umejaa milango ya muskarini: asetilikolini ikifika, ukuta unajiminya na mkojo unasukumwa chini. Hiyo ndiyo pampu. Chini kabisa, pale mfuko unapoanza kuwa bomba, kuna shingo ya kibofu, na tezi dume imeizunguka njia hiyo kama ngumi iliyoshika mpira wa maji. Shingoni hapo, na ndani ya tezi dume yenyewe, kuna misuli yenye milango ya alfa. Noradrenalini ikifika, inakaza. Hiyo ndiyo koki. Ili mtu akojoe vizuri mambo mawili lazima yakutane, pampu isukume na koki ilegee. Kwa kijana pampu ina nguvu na njia ni pana, kwa hiyo hata koki ikikazwa kidogo hajui. Kwa mzee ambaye tezi imekua, njia imeshakuwa nyembamba na pampu imechoka kusukuma miaka yote hiyo. Anaishi ukingoni. Jambo dogo linamtumbukiza.

Vidonge vingi vya mafua vina dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja. Geuza pakiti usome maandishi madogo nyuma. Mara nyingi utakuta parasetamoli, ambayo kwa mkojo haina ubaya. Kisha utakuta psudoefedrini au fenilefrini. Hizi kazi yake ni kuzibua pua. Pua inapoziba si makamasi peke yake, ni mishipa ya damu ya ndani ya pua iliyovimba, na dawa hizi huamsha milango ya alfa ili mishipa ile ibane na uvimbe ushuke. Vizuri kabisa kwa pua. Lakini milango ya alfa iko pia shingoni mwa kibofu. Pua inafunguka, koki inafungwa, kwa sababu ileile na kwa wakati uleule.

Halafu mara nyingi kuna klofeniramini, ile ya kukausha kamasi na kuzuia kupiga chafya, inayoleta usingizi. Huyu ana tabia ya kuziba milango ya muskarini. Ndiyo maana mtu akiimeza mdomo unakauka, na mdomo ukikauka ujue na kibofu kimepata ujumbe pungufu. Unaujua mnanaha, ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta na matunda yenye miiba, ambao watoto wakila mbegu zake hukimbizwa hospitali wameweweseka, macho mboni tupu, ngozi kavu inaungua kwa joto, mkojo hautoki? Sumu yake, atropini na haiosini, inaziba milango hiyohiyo ya muskarini kwa nguvu nyingi. Klofeniramini inaigusa kidogo tu. Kwa wewe na mimi kidogo hicho si kitu. Kwa kibofu kinachoishi ukingoni ni kingi.

Kwa hiyo usiku ule mzee alikuwa ameongezewa mizigo miwili kwa mpigo: koki imekazwa, pampu imelegezwa. Tamsulosini yake ilikuwa inajitahidi kufungua upande mmoja, lakini haina lolote la kuifanyia pampu.

Kuhusu muguka. Ndani ya majani mabichi ya miraa na muguka kuna kathinoni, kemikali ya jamii moja na amfetamini. Hiyo ndiyo inayomchangamsha mtu, na kwa kuwa hupotea jani likikauka, wauzaji huyafunika majani yasinyauke. Kathinoni haigongi mlango yenyewe. Inazisukuma neva zimwage noradrenalini yake, na hiyo noradrenalini inakwenda kwenye milango ya alfa, ikiwa ni pamoja na ya shingo ya kibofu. Watafunaji wenyewe wanajua kwamba wakishatafuna mkojo unatoka kwa shida na kwa uzi mwembamba, hata vijana. Na moyo kwenda mbio na presha kupanda ni kazi ya kemikali hiyohiyo. Najua baraza lina thamani yake, mzee akiwa na wenzake roho inatulia, na sitaki akatwe na watu wake. Aende barazani. Ila kwa mwenye tezi dume, presha, na mpira wa mkojo wiki iliyopita, muguka nasema bila kuzunguka: auache. Kahawa chungu akombe kikombe kimoja, si sita, maana kahawa nayo inamkojosha mara kwa mara.

Tuje kwenye giza la alfajiri. Tamsulosini inafanya kinyume cha dawa ya pua. Inakaa kwenye mlango wa alfa na kuuziba, noradrenalini ikija haiingii, koki inalegea. Imetengenezwa iipende zaidi aina ya alfa iliyojaa kwenye tezi dume kuliko ile ya mishipa ya damu, ndiyo maana ni pole kuliko prazosini ya zamani, ambayo ilianza kama dawa ya presha. Lakini kuipenda zaidi si kuiacha nyingine kabisa.

Mtu akisimama kutoka kitandani, damu kiasi cha nusu lita au zaidi inashuka miguuni na tumboni. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, kila upande wa koo, kuna vihisio vinavyopima presha kila mpigo wa moyo. Vikiona imeshuka vinatuma habari, neva za hekaheka zinamwaga noradrenalini, milango ya alfa ya mishipa inabana na damu inarudishwa juu kichwani. Yote haya ndani ya sekunde chache, wewe hujui kitu. Baba yako baadhi ya milango hiyo imezibwa na dawa. Anainuka, damu inashuka, amri inatolewa, mishipa inachelewa kutii. Giza. Akiwa na kidonge cha presha juu yake, na hasa kama ni kile cha kukojosha kinachopunguza maji mwilini, shimo linakuwa refu zaidi. Alfajiri ndiyo saa mbaya: amelala saa nyingi, hajanywa maji, anatoka kitandani moja kwa moja. Na kwenye sala kuna kuinuka kutoka sijida, ambako kichwa kilikuwa chini kabisa.

Jambo hili linapimika nyumbani au zahanati ya karibu. Alale dakika tano, apimwe presha akiwa amelala. Asimame, apimwe baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hiyo ni presha ya kushuka kwa kusimama. Andikeni namba hizo kwenye karatasi, na hali aliyokuwa nayo, mpelekeeni daktari. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuamua kama apunguze kidonge cha presha, abadilishe, au ahamishe saa zake. Msiache dawa yoyote wenyewe.

Wakati mnangoja, mambo madogo yanasaidia sana. Tamsulosini imezwe nusu saa hivi baada ya chakula kilekile kila siku, isimezwe tumbo likiwa tupu, kwa sababu bila chakula inaingia kwenye damu haraka na kwa wingi. Ramadhani ikifika, baada ya futari. Kidonge kisifunguliwe wala kutafunwa, kimetengenezwa kiachie dawa polepole. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini, akunje ngumi mara kadhaa, kisha asimame akiwa ameshika kitu. Usiku akienda haja ndogo akojoe amekaa. Kwenye sala, akiona kichwa chepesi aswali ameketi. Dini imempa nafasi hiyo, na mvunjiko wa nyonga kwa mtu wa miaka 68 si jambo la kujaribu. Na kama kuna mtu anamletea vidonge vya nguvu za kiume kwa siri, vile vya jamii ya sildenafili, lazima aseme kwa daktari. Vikikutana na dawa hii presha inaweza kuporomoka. Wazee wengi huona haya kulitaja hili, basi pengine kaka yako amuulize badala yako.

Mafua yakirudi, na yatarudi, mpe parasetamoli peke yake kwa homa na maumivu. Pua izibuliwe kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani. Tangawizi, limau, asali na maji ya moto havigongi mlango wowote wa alfa. Dawa nyingine za kuogopa kwa hali yake ni zile za kutuliza msokoto wa tumbo zenye haiosini, promethazini ya kichefuchefu na safari, na amitriptilini inayotolewa kwa ganzi na maumivu ya neva. Zote zinaziba muskarini. Si kwamba hatapewa kamwe, ila anayempa ajue habari za kibofu chake. Na siku mkojo ukikataa tena, msimjaze maji eti yatausukuma. Pampu haiwezi, mfuko utazidi kujaa. Hospitali, saa hiyohiyo.

Kuna mfano mmoja nataka uubebe kwa ajili ya majirani, kwa sababu umewahi kunitisha. Mama mmoja mwenye pumu aliandikiwa matone ya timololi kwa presha ya macho. Tone la jicho, nani angelidhania? Timololi inaziba milango ya beta ili jicho litengeneze maji kidogo. Lakini tone likizidi jichoni linapita tundu dogo la kona ya ndani, linashuka puani, linaingia kwenye damu. Likafika kwenye njia zake za hewa, likaziba milango ileile ambayo dawa yake ya kuvuta, salbutamoli, inaihitaji. Kila akivuta haimsaidii. Alipobadilishiwa matone, kifua kikafunguka. Hata asiye na pumu, akitia matone hayo abonyeze kona ya ndani ya jicho kwa kidole dakika mbili, ili dawa ibaki jichoni.

Na kwa kuwa nimetaja macho: kama baba siku moja ataambiwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho mapema kwamba anatumia, au amewahi kutumia, tamsulosini. Ndani ya jicho, kwenye ule msuli unaofungua mboni, kuna milango ya alfa. Dawa hii inaulegeza, na wakati wa upasuaji sehemu ile inapepea kama pazia kwenye upepo na kumtatiza mpasuaji. Akijua mapema anajiandaa. Kuacha dawa wiki moja kabla hakuondoi tatizo, kwa hiyo kumwambia ndiko kunakosaidia.

Mpira wake, kwa kawaida, hautabaki milele. Daktari atataka awe amemeza tamsulosini bila kukosa kwa angalau siku mbili tatu kabla ya kuutoa, choo chake kikubwa kiwe laini, na vidonge vya mafua viwe vimeshatoka mwilini. Ombeni utolewe asubuhi, si jioni, ili kama mkojo utasita muwe bado pale hospitalini na mchana uko mbele yenu. Usiache kubeba ile pakiti.

Nisalimie mzee.